Mama Yangu Kinywani mwa Wairimu

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la nyuma katika kanisa moja hapa Louisville, siku ya kumuaga Wairimu, nikamsikia mama yangu akisimuliwa kama mama wa mtu mwingine. Mchungaji, Mmarekani mpole mwenye sauti nzito, alikuwa anaeleza maisha ya marehemu kwa Kiingereza. Alisema Wairimu alikuwa na miaka tisa ghasia zilipofika kijijini kwao, huko Bonde la Ufa. Alisema mama yake alimtuma arudi nyumbani kuchukua chumvi, na aliporudi barabarani na chumvi mkononi akakuta lori limeshaondoka, mama yake akiwa ndani. Watu wakatoa vitambaa. Wakenya waliokaa mbele wakatazama viatu vyao. Mimi niliinuka, nikapita mbele ya magoti ya watu nikiomba radhi, nikaenda kusimama nje kwenye maegesho, katikati ya magari yaliyolowa mvua. Sikulia. Nilikuwa nimeshailia habari hiyo zamani, Columbus, mwaka ambao sasa naona lazima niuandike.

Sikuwa nimezungumza na Wairimu kwa zaidi ya miaka ishirini, ingawa ile ya mwisho tuliishi mji mmoja. Louisville si kubwa kwa watu wa kwetu. Nilijua alihamia hapa kwa kazi ya shirika fulani la misaada, nilijua kanisa lake, nilijua duka ambako alinunua unga, na kwa sababu hiyo mimi nilinunua wangu upande wa pili wa mji. Mara moja tu nilimwona, kwenye foleni ya dawa, amekonda, amefunga kilemba. Niliweka kikapu changu chini nikaondoka. Watu wakiniuliza kama namfahamu nilisema hapana, na kwa kiasi fulani haukuwa uongo.

Mwaka ninaousema, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Buffalo na shangazi yangu, Tantine Béatrice, kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyopigwa na upepo wa ziwa kila upande. Nilifanya kazi Tonawanda, katika kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Nilisimama mbele ya mashine iliyotema vifuniko vyeupe, nikatenga vilivyopinda, nikarudi nyumbani na sauti ya mashine ikiwa bado masikioni. Kiingereza changu kilitosha kwa msimamizi na kwa dereva wa basi. Wairimu alikuja katika maisha hayo wakati theluji inaanza kuyeyuka. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili huko Columbus, kwenye chuo kikubwa cha jimbo, na alitumwa na masomo yake kuzungumza na wanawake wa Kongo waliohamishiwa Buffalo. Mtu wa kanisani alimleta kwetu apate pa kulala. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha Nairobi kilichorukaruka katikati ya Kiingereza kama mtoto anayevuka dimbwi. Jikoni kwetu aliosha vyombo bila kuombwa, akala sombe, kisamvu cha kwetu, kwa mkono, akamsifia Tantine mpaka Tantine akamwongezea samaki.

Alirudi tena, na tena, hata masomo yake yalipokuwa hayamhitaji kurudi. Alilala chumbani kwangu kwenye godoro la chini, na tukicheka Tantine aligonga ukuta. Sikuwahi kuwa na rafiki wa namna ile. Wasichana wa rika langu Buffalo walikuwa wameolewa au wanafanya zamu mbili, na sote tulijuana kwa salamu za kanisani. Wairimu alinipigia simu siku za kawaida kuniuliza nimekula nini. Alinifundisha kusema hapana kwa msimamizi wangu, na maneno ya kumwambia. Siku moja, alipotoka kwenda dukani, Tantine aliniita jikoni, akapunguza sauti. "Furaha, ule dada minamuona tangu alianza kuya hapa. Anauliza, anauliza, lakini ye mwenyewe hasemake kitu. Donc, uangalie." Nilimjibu kwamba ni kazi yake kuuliza. Tantine akafunika sufuria. Leo nikilikumbuka jibu langu, naona jinsi nilivyokuwa na haraka ya kumtetea.

Wazo la safari lilitoka kwa mama mwenye nyumba wa Wairimu, mjane mzungu aliyeitwa Miss Doris, aliyekodisha vyumba vya juu kwa wanafunzi karibu na chuo. Mume wake alipokufa aliacha RV uani, lile gari refu lenye nyumba ndani: vitanda, jiko la gesi, sinki, choo kidogo kama kabati. Miss Doris alisema injini inaoza ikikaa bila kutembea, na Wairimu akapewa funguo. Basi mwezi wa kumi, wakati wa likizo fupi ya chuo, nikaomba ruhusa kiwandani, na Wairimu akaja Buffalo akiendesha kitu kile kikubwa chenye mapazia ya rangi ya chungwa yenye picha za bata. Majirani walitoka kwenye veranda kutazama. Tantine alitufungia bugali wa baridi kwenye karatasi, samaki kavu na pilipili, akasali akiwa ameweka mkono juu ya boneti, kisha akaniuliza polepole kama ni lazima twende porini wakati mji una kila kitu.

Tulikwenda mashariki, kisha tukageuka kaskazini kuingia milima ya Adirondack. Mimi ni mtoto wa milima. Uvira, kwetu Kongo, imebanwa kati ya milima na ziwa, na nilidhani nafahamu jinsi milima inavyokaa. Hii ilikuwa mingine. Tulipita saa nzima bila kuona nyumba. Misitu ilishuka mpaka ukingo wa lami, majani mekundu na ya manjano, na katikati yake miti myembamba yenye magome meupe kama karatasi. Kulikuwa na maziwa meusi yasiyo na mtumbwi wala mtu. Kila mahali tuliposimama, kibao kilitukumbusha kuficha chakula kwa sababu ya dubu, na Wairimu alisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio kwamba dubu wa huku hawajawahi kuonja samaki wa Tanganyika, watavunja mlango. Kwenye barabara moja iliyonyooka, tupu kabisa, aliniambia nihamie usukani. Sikuwa nimewahi kuendesha hata gari dogo. Vyombo viligongana kabatini, mapazia yakayumba, naye akacheka mpaka akashika tumbo, akiniambia, "Uko sawa, Furaha, uko sawa, endelea." Bado naona furaha ile kuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonisumbua kwa miaka mingi. Ingekuwa rahisi zaidi kama alikuwa ananichezea tangu mwanzo.

Kisha mvua ikatukamata. Tulikuwa tumefuata njia ya udongo mpaka ukingo wa ziwa dogo lililozungukwa na vilele, mahali pa kupiga kambi palipokuwa pamekwisha kufungwa kwa msimu. Asubuhi, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama kwenye tope. Simu hazikushika. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja mvua ikatike au mtu wa msitu, yaani mlinzi wa hifadhi, apite. Tulikaa ndani ya RV tukila bugali uliokaangwa vipande kwenye mafuta, tukinywa chai ya rangi, madirisha yakiwa na ukungu wa pumzi zetu, mvua ikipiga bati la paa kama kwetu. Nadhani ni sauti ile ya mvua. Sikuwa nimesikia mvua juu ya bati tangu kambi ya wakimbizi. Wairimu alikuwa amekaa mkabala nami kwenye kimeza kinachogeuka kitanda, amejifunika blanketi la marehemu mume wa Miss Doris lililonuka tumbaku, na alikuwa anasema kwamba yeye hana kitu cha kusimulia maishani. Alisoma bweni, akaenda chuo, akapata viza, akaja. Wenzake darasani walipoulizwa kilichowaleta kwenye masomo yale, kila mmoja alikuwa na la kusema, yeye alibaki kutabasamu. "Mimi sina story," alisema. "Mum yuko Nyeri anapanda viazi. That's it." Tukacheka. Na baada ya kicheko kile, mchana kweupe, bila kuulizwa, mimi nikaanza kusema.

Nilimwambia jinsi risasi zilivyoanzia juu mlimani, na jinsi tulivyoshuka na mama mpaka barabarani, mdogo wangu akiwa mgongoni kwake. Lori la maharage lilikuwa limesimama, watu wanapanda. Mama akanigeukia, akaniambia, rudi nyumbani, leta chumvi. Alikuwa ameshakimbia vita mara moja kabla sijazaliwa, na alisema siku zote kwamba ukimbizini chakula hupatikana lakini chumvi hakuna. Nyumba haikuwa mbali. Nilikimbia, nikaichukua, nikarudi. Lori halikuwepo. Jirani akanishika mkono tukavuka mpaka kwa miguu, na miaka baadaye Tantine, dada ya baba, alinikuta kambini Tanzania. Mama na mdogo wangu hawakuonekana popote, wala hakuna aliyewahi kuniambia lori lile lilifika wapi. Hayo Tantine aliyajua. Lakini nilimwambia Wairimu na lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Tantine: kwamba sijui kama dereva aliondoka ghafla mama akashindwa kushuka, au kama mama aliona gari lina nafasi ndogo, ana mtoto mgongoni, akachagua. Kwamba labda chumvi ilikuwa njia ya kunifanya nisione. Nilisema nikiwa natazama sufuria. Wairimu alishika mikono yangu yote miwili na alilia kuliko mimi. Nilimwambia sitaisema tena kwa mtu, na akasema, "Hata mimi sitaiguza."

Mtu wa msitu alikuja na gari lenye mnyororo, akatuvuta, akatugombeza kwa upole. Tulishuka mpaka kituo cha kwanza cha mafuta, na huko simu zikaanza kulia mfululizo. Nilikuwa ndani ya choo kile kidogo nikinawa, na ukuta wake ulikuwa mwembamba kama boksi. Nje, kwenye pampu, Wairimu alikuwa anazungumza na mtu. Nilisikia akisema, "Nimepata. No, hii ni ile yenyewe. It's powerful." Nilidhani ni habari za masomo yake. Nilitoka na taulo mkononi, akafunga simu, akaniuliza kama nataka kahawa.

Baridi ikaingia, na simu zake zikapungua. Alisema ana mitihani, kisha ana kitu anaandaa. Nilimwamini kama mtu anavyomwamini dada yake. Majira ya kuchipua yalipofika tena nikaamua kumshtukiza. Nilipika sombe, nikaifunga vizuri kwenye mkoba, nikapanda basi la Columbus. Miss Doris alifungua mlango, akanitambua kwa picha tuliyopiga kwenye RV, akanikumbatia. Alisema nimekuja siku njema, maana Wairimu anazungumza mchana ule mbele ya watu wakubwa wa chuo, na yeye mwenyewe alikuwa anavaa viatu aende. Aliweka sombe yangu kwenye friji yake na tukaenda pamoja kwa miguu, akinishika mkono kwenye kona, akiniambia jinsi alivyojivunia msichana wake. Ukumbi ulikuwa na zulia la bluu na harufu ya kahawa. Tulikaa nyuma. Wairimu alipanda jukwaani katika gauni la kitenge nililomshonea mimi.

Alizungumza Kiingereza cha haraka na sikukifuata chote. Nilielewa kwamba anazungumza juu ya Bonde la Ufa, juu ya nyumba zilizochomwa. Nikafikiri, maskini, kumbe na yeye yalimpata, mbona hakuniambia. Kweli nilimwonea huruma. Kisha nikasikia neno *salt*. Hilo nililijua. Nikasikia *truck*. Nikaona mikono yake ikifanya kitendo kilekile nilichofanya mimi kwenye kimeza cha RV, kiganja kimoja kimefumbwa juu ya kingine, kama mtoto anayeshika chumvi isimwagike. Na hakuishia nilipoishia mimi. Alisema mama alijua. Alisema alipofika barabarani aliliona lori linaondoka, akaona uso wa mama yake juu ya maharage, na mama yake akamtazama, kisha akageuza uso. Alisema ilimchukua miaka kumsamehe, na leo amemsamehe. Watu wakasimama kupiga makofi. Miss Doris akasimama, machozi yakimtiririka, akainama kunigusa bega ili na mimi nisimame.

Nilimkuta kwenye kijichumba nyuma ya ukumbi kilichowekwa chai. Aliponiona, uso wake ulifunguka kwa furaha kwanza, kabla haujakumbuka. Alimwomba mwanamke aliyekuwa naye atuache. Nilitegemea atakana, au atapiga magoti. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba alitaka kuniambia, kwamba amebadilisha majina yote, hakuna atakayejua. Nikamuuliza kwa nini. Akachezea kifuniko cha chupa ya maji.

"Si ulisema hutawahi kuambia mtu?" akasema. "Furaha, wewe hukuwa unaitumia."

Nimekaa na sentensi ile kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mtu yeyote. Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anayeeleza kwa nini alichukua koti lililokuwa limening'inia tu mlangoni. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba mama aligeuza uso. Akasema hadithi lazima iende mahali, haiwezi kubaki inaning'inia vile, na kwamba yeye ameipa msamaha, je, si ni jambo zuri? Nilikuwa nataka kumpiga. Nilikuwa nataka pia aniulize nimekula nini, kama zamani. Nikafungua mlango nikatoka. Miss Doris alinifuata mpaka barabarani akiniuliza kuna nini, lakini Kiingereza changu hakikutosha, na hata leo kinachotosha sijui ningemwambiaje mwanamke yule mzee. Sombe niliiacha kwenye friji yake.

Nilirudi Buffalo, nikarudi kwenye mashine ya vifuniko. Tantine alipouliza, nilisema tumegombana. Bon, akasema, itapita. Haikupita, kwa sababu hasara yenyewe niliigundua polepole. Kabla ya Columbus, nikimkumbuka mama barabarani, nilimwona mgongo wake, kitenge cha kijani, kichwa cha mdogo wangu kikiwa kimelala. Basi. Baada ya Columbus, nilianza kumwona ananitazama kutoka juu ya maharage, kisha anageuza uso. Sikuwepo kuona kitu kama hicho, nilikuwa ndani ya nyumba natafuta chumvi. Lakini niliona. Wairimu aliweka uso ule mahali palipokuwa hapana kitu, na nimehangaika miaka kuutoa. Ndiyo maana sikumsamehe. Kunyang'anywa ningevumilia, labda. Lakini alinirudishia mama yangu akiwa mbaya kuliko alivyomkuta.

Nikahama, nikajifunza, na kwa miaka mingi sasa mimi ni mkalimani hospitalini hapa Louisville. Sheria ya kazi yetu ni kusema "mimi" kwa niaba ya mwingine. Mama wa Kivu anasema tumbo linamuuma, nami namwambia daktari, tumbo linaniuma. Nimesema nimefiwa na watoto ambao hawakuwa wangu. Nimesema naogopa kufa kwa magonjwa nisiyokuwa nayo. Nikitoka chumbani, ile "mimi" naiacha pale kitandani kwa mwenyewe. Wanafunzi wangu wa ukalimani huniuliza kwa nini ninasisitiza jambo hilo kupita kiasi. Huwaambia ni maadili ya kazi.

Siku ile ya ibada nilikuwa bado maegeshoni mlango wa kanisa ulipofunguka na msichana mwenye gauni jeusi akaja moja kwa moja kwangu bila mwavuli. Nilimjua kwa urefu. Ni Nyambura, binti wa pekee wa Wairimu, anayesoma Columbus alikosoma mama yake. Nilianza maneno ya pole. Alinikatiza kwa adabu, kwa Kiswahili cha mtoto aliyekulia huku, kinachotafuta kila neno.

"Auntie, nilikuona ukitoka," alisema. "Ulitoka waliposema ile ya chumvi."

Nikasema palikuwa na joto ndani. Alitikisa kichwa.

"Shosho, mama ya mum, yuko hai. She's in Nyeri, walimnyima viza. Tunaongea kila Sunday." Alipangusa mvua usoni. "Since nikiwa mdogo nimejua huyo mama wa lori si wetu. Nilimuuliza mum, akasema nitaelewa nikikua. Sasa ameenda. Ni mama wa nani?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya mama yake, na nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka. Yalikuwa mabaya, na yalikuwa kweli. Nilimtazama akitetemeka, vidole vyake vimeshika mikono ya gauni, akimngoja mtu mzima mmoja asimdanganye. Nikavua koti langu, nikamvisha.

"Ni wangu," nikasema.

Hakushangaa. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu aliyokwisha kuikisia. Ndani ya kanisa walikuwa wameanza kuimba. Akauliza kama ni kweli, kama mama yule aligeuza uso. Nikamwambia hapana, hiyo aliiweka Wairimu. Akauliza, sasa nini kilitokea, alijua lori linaondoka?

"Sijui," nikamwambia. "Mimi sikuona. Hakuna anayejua."

Nilimngoja aniambie pole, au aniombe radhi kwa ajili ya mama yake, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitaipokea. Hakusema lolote katika hayo. Aliniuliza mama yangu aliitwa nani.

Sikuwa nimeulizwa swali hilo tangu kambini, na aliyeniuliza wakati ule alikuwa anaandika orodha ya wakimbizi. Nikamwambia alikuwa anaitwa Riziki Nabintu. Nyambura akalirudia, akakosea matamshi, akaniomba nilitamke tena. Nikalitamka polepole, naye akalirudia mpaka akalipata.